Mchezo wa Kwanza wa Pokémon: Mjomba Aambiwe Nini?

UKURASA WA BABA NA MAMA





Juma hili nina barua ya mama mmoja wa kijijini, nami nimeitanguliza mbele ya nyingine kwa kuwa jambo lake litafika, au limekwisha kufika, katika nyumba nyingi. Kaka yake anafanya kazi Ulaya, naye anakuja likizo wakati wa Noeli. Amempigia simu dada yake na kusema anataka kuwaletea wapwa zake mashine ya michezo, pamoja na mchezo wa Kijapani uitwao Pokémon, ambao watoto wa huko wanaupenda mno. Lakini alipokwenda dukani aliona kwamba michezo ya jina hilo ni mingi, kila mmoja na picha yake na rangi yake, akashindwa kuchagua. Akasema, "Dada, niambie upi uwe wa kwanza."

Mama hajui. Baba wa watoto amesema jina lenyewe maana yake ni mazimwi, na mazimwi hayataingia nyumbani mwake. Mtoto mkubwa, wa darasa la sita, anataka ule mpya kabisa, si kwa kuwa anaujua, bali kwa kuwa ni mpya. Nyuma yake wako wawili, wa darasa la nne na wa darasa la pili. Mashine ni moja. Mama anamaliza barua yake hivi: "Naogopa zawadi hii itaniletea vita nyumbani siku ya Noeli yenyewe."

Mama amefanya vema kuuliza kabla fedha haijatoka mfukoni. Tuanze na neno la baba, maana kama ni mazimwi kweli, hakuna haja ya kuendelea na mengine.

Mazimwi au wadudu?

Ni kweli kwamba jina Pokémon ni kifupi cha maneno yenye maana ya "mazimwi ya mfukoni." Lakini tutazame lilikotoka. Aliyeubuni mchezo huu ni Mjapani, jina lake Satoshi Tajiri. Alikulia Machida, mji ulio kando ya Tokyo, wakati ambapo huko kulikuwa bado na mabwawa, vichaka na mashamba. Alipokuwa mtoto alipenda kukamata wadudu kuliko kitu kingine chochote, hata wenzake wakamtania kwa kumwita daktari wa wadudu. Baadaye mji ukatanuka, mabwawa yakafukiwa, nyumba zikajengwa, na wadudu wakatoweka. Watoto waliomfuata hawakuwa na mahali pa kuingia majanini.

Mwaka 1989 kampuni ya Nintendo ilitoa mashine ndogo ya kuchezea mkononi iitwayo Game Boy. Mashine mbili za namna hiyo ziliweza kuunganishwa kwa waya. Tajiri alipouona waya huo aliwaza wadudu wakitambaa ndani yake, kutoka mashine ya mtoto mmoja kwenda kwa mwenzake. Hapo ndipo wazo lilipozaliwa. Kazi ilichukua miaka kama sita, na tarehe 27 Februari 1996 michezo miwili ya kwanza, Red na Green, ikaanza kuuzwa Japani. Ilikuwa na viumbe 151. Leo viumbe hao wamepita 1,000.

Ninyi mnaokaa kijijini mtatabasamu kidogo hapa. Kile ambacho watoto wa Tokyo walitengenezewa katika mashine, watoto wenu wanacho bure. Mtoto wa Bukoba anayewahi senene alfajiri, na yule anayewinda kumbikumbi baada ya mvua ya kwanza, wanaijua furaha ile ile ya Tajiri. Zawadi ya mjomba isije ikawatoa watoto majanini kabisa. Ikifanya hivyo, imewanyang'anya kile kile alichotaka kukiokoa aliyeibuni.

Basi, baba, viumbe wa mchezo huu wengi wao ni kama wanyama wa hadithi: panya wa umeme, kobe wa maji, nyoka, ndege, samaki. Wakikua hugeuka umbo, na hilo nalo limetoka kwa wadudu. Mmoja aitwaye Caterpie ni kiwavi hasa, naye mwishowe huwa kipepeo. Hupigana kama majogoo, lakini anayeshindwa huzimia tu; hupelekwa kwenye nyumba ya tiba na kurudi mzima, wala hatozwi senti.

Hata hivyo haifai nifiche mambo matatu, maana mzazi aliyeambiwa mapema hashtuki baadaye. La kwanza: katika hadithi ya nchi iitwayo Kanto kuna mnara wa makaburi, na humo hutokea mzuka wa kiumbe mama aliyekufa akimwacha mtoto wake. Watoto wadogo huweza kuogopa. Siku mtoto anapofika hapo, mkubwa na akae naye. La pili: katika hadithi ya nchi ya Sinnoh kuna kiumbe aitwaye Arceus, anayesemwa kwamba aliumba ulimwengu. Mtoto mwenye katekisimu kichwani ataelewa upesi kwamba hiyo ni ngano, kama ngano za sungura, lakini lazima aambiwe. La tatu: katika michezo kadhaa ya zamani mna nyumba ya mashine za kamari, ambamo mchezaji hutia sarafu za mchezo akitafuta bahati. Si fedha ya kweli, walakini ni mazoea mabaya kwa mtoto. Katika ile mipya nyumba hizo hazichezwi tena.

Kwa hiyo jibu langu kwa baba ni hili: si mazimwi ya kuogopa. Ni mchezo, nao unahitaji mzazi kama michezo yote.

Jinsi unavyochezwa

Mchezo wote huanza karibu namna moja. Mtoto anakuwa kijana anayetoka kijijini kwao kwenda safari. Mwanzoni hupewa rafiki mmoja. Katika mingi huchagua kati ya watatu: wa majani, wa moto na wa maji. Maji hushinda moto, moto hushinda majani, majani hushinda maji. Hesabu hiyo ndiyo roho ya mapigano yote, na baadaye huongezeka aina nyingine hata kufika 18. Mtoto hutembea, hukamata viumbe, huwafundisha, hupambana na mabingwa wanane au zaidi, na mwisho hujaribu kuwa bingwa wa nchi.

Sasa sikilizeni neno ambalo wauzaji hawalisemi sana. Michezo mingi ya Pokémon hutolewa miwili miwili, karibu sawa kwa kila kitu, lakini viumbe wachache wamo katika mmoja na hawamo katika wa pili. Katika Red yumo nyoka Ekans, naye katika Blue hayumo. Katika Blue yumo Sandshrew, naye katika Red hayumo. Mtoto akitaka kuwapata wote hana budi kumtafuta mwenzake mwenye mchezo wa pili wabadilishane. Hivyo ndivyo alivyopanga Tajiri tangu mwanzo. Kidole kimoja hakivunji chawa, na mtoto mmoja hamalizi Pokémon.

Haya ndiyo yatakayotuongoza katika kuchagua. Swali la "upi ni mpya" tuliweke kando, na hata lile la "upi unasifiwa zaidi." Tuulize: katika nyumba hii, upi utawakalisha watoto pamoja, na upi utawatenga?

Mambo manne ya kupima

Jambo la kwanza ni mfuatano. Watu wengi hudhani kwamba lazima waanze na mchezo wa 1996 na kuja mmoja mmoja. Si lazima. Kila mchezo una nchi yake, watu wake na hadithi yake, na huanza upya kwa mtu asiyejua neno. Iko michache tu inayoendeleza hadithi ya nyuma, kama Black 2 na White 2 ya mwaka 2012, inayofuata Black na White. Hiyo isiwe ya kwanza. Mingine yote mtoto aweza kuingia popote.

Jambo la pili ni kusoma. Katika michezo hii watu hawasemi kwa sauti. Kila neno limeandikwa chini ya picha, na asiyesoma haendi mbali. Kiswahili hakimo. Mna Kiingereza na Kifaransa pamoja na lugha nyingine, na katika michezo ya tangu 2013 mtoto huchagua lugha mwanzoni. Wenzetu wa Burundi na Kongo wanaweza kuuweka katika Kifaransa cha shuleni. Mtoto wa darasa la pili peke yake atachoka upesi, lakini akikaa na kaka yake anayemsomea, wote wawili watafaidi. Watu hawaambii haya, lakini mchezo huu una maneno mengi kuliko vitabu vingi vya darasa la nne.

Jambo la tatu ni idadi ya watoto. Hapa, mama, shika kalamu. Michezo ya zamani, ile ya kaseti ndogo, ina nafasi ya kuhifadhi safari ya mtoto mmoja tu. Mtoto wa pili akitaka kuanza yake, hana budi kuifuta ya kwanza. Fikirini kaka mkubwa amecheza miezi miwili, amekuza viumbe wake mmoja mmoja, na asubuhi moja mdogo wake anaanza upya na kuhifadhi juu yake. Kilichofutwa hakirudi, na hiyo ndiyo vita unayoiogopa. Lakini mashine iitwayo Nintendo Switch, iliyotoka mwaka 2017, huruhusu watu mpaka wanane wajiandikishe, kila mmoja na jina lake, na kila jina na safari yake, ijapokuwa mchezo ulionunuliwa ni mmoja.

Jambo la nne ni umeme na intaneti. Mashine ya Switch ina betri ya kuchaji, na mchezo ulio kwenye kadi hauhitaji intaneti ili uchezwe. Mashine mbili zikiwa karibu hubadilishana viumbe bila intaneti na bila malipo. Kubadilishana na watu wa mbali ndiko kunakotaka intaneti na ada. Kwa hiyo mjomba anunue mchezo ulio katika kadi. Asinunue ule wa kushusha kwa intaneti, maana ukihitaji kushushwa tena kijijini, mtapata taabu.

Upi basi?

Kwa nyumba hii ya watoto watatu na mashine moja, mimi naona mchezo wa kwanza uwe Pokémon: Let's Go, uliotoka Novemba 2018. Nao ni wawili, mmoja wa Pikachu na mmoja wa Eevee. Mnunue mmoja tu, wowote, maana tofauti yake ni rafiki wa kwanza na viumbe wachache. Nchi yake ni Kanto, ile ile ya mwanzo wa mambo, na viumbe wake karibu wote ni wale 151 wa kwanza, basi mtoto halemewi na majina elfu. Wanyama wa porini huonekana wakitembea majanini, na kuwakamata ni kuwatupia mpira, hakuna haja ya kupigana nao kwanza.

Lakini sababu yangu kubwa si wepesi wake. Ni kwamba katika mchezo huu mtoto wa pili aweza kushika kishikio chake na kuingia katika safari ya mwenzake, wakatembea pamoja, wakapigana bega kwa bega, wakatupa mipira pamoja. Kumbukeni kwamba mashine ikiwa moja, watoto wa nyumba moja hawawezi kubadilishana viumbe, kwa kuwa kubadilishana kunataka mashine mbili. Kwa hiyo ile nia ya Tajiri ya kuwakutanisha watoto isingetimia kwenu. Kwa Let's Go inatimia kwa njia nyingine: wawili wanacheza, wa tatu anasoma maneno kwa sauti, halafu wanapokezana. Hata yule wa darasa la pili ana kazi.

Ili hayo yawezekane, mjomba asinunue mashine iitwayo Switch Lite ya mwaka 2019. Bei yake ni nafuu, nami najua moyo wake utavutwa. Lakini vishikio vya Lite havichomoki, wala haiungwi kwenye televisheni. Imetengenezwa kwa mtu mmoja anayeinamia mikono yake. Anunue Switch ya kawaida, hata iliyotumika, yenye vishikio viwili vya kuchomoa. Haihitaji televisheni, husimamishwa mezani na watoto hukaa mbele yake kama mbele ya redio.

Kama mtoto ni mmoja, amefika miaka kumi na miwili au zaidi, na anasoma Kiingereza bila kukwama, Let's Go utamchosha kwa wepesi. Huyo apewe Sword au Shield, ya Novemba 2019. Nchi yake imefanana na Uingereza. Hapo atapigana na wanyama wa porini kwa namna ile ya siku zote, atajifunza hesabu ya aina 18, na jioni atapiga kambi na kupikia viumbe wake mchuzi wa bizari. Kama ana binamu mwenye mashine, mmoja achukue Sword na wa pili Shield. Hapo kubadilishana kutakuwa na maana, na safari ya kwenda kwa shangazi siku ya sikukuu itakuwa na jambo la kungojea.

Na kama mjomba ana mashine ya zamani kabatini, Game Boy Advance au Nintendo DS zile za kwanza zenye tundu la kaseti, asinunue kitu kipya. Atafute FireRed au LeafGreen, zilizotoka Japani mwaka 2004. Ni hadithi ya Kanto vile vile, imetengenezwa upya, nayo ni mchezo mzuri hata leo. Lakini angalieni mambo mawili. Ni mchezo wenye nafasi ya mtoto mmoja, kama nilivyosema. Tena kaseti za kughushi za wakati huo zimejaa sokoni, na nyingi hupoteza safari ya mtoto ghafula. Anunue kwa mtu anayemwamini, aicheze, ahifadhi, azime, awashe tena, ndipo alipe. Zile za zamani zaidi, za miaka ya 1990, zina betri ndogo ndani inayolinda kumbukumbu. Betri ikifa, safari yote imekwenda. Hizo ziacheni kwa wakusanyaji wa vitu vya kale.

Isiyofaa kuwa ya kwanza

Kijana wa darasa la sita anataka mpya kabisa. Nimjibu kwa heshima. Legends: Z-A ya Oktoba 2025, ambayo ni miongoni mwa ile mipya, na ndugu yake Legends: Arceus ya Januari 2022, zina namna yake ya pekee. Katika Arceus wanyama humshambulia mchezaji mwenyewe, na katika Z-A mapigano hayangoji zamu. Vidole viende mbio. Tena kila moja ni mchezo mmoja, hauna pacha. Anayeanza nayo ataelewa kidogo sana anapokuja kwa ile mingine. Ni chakula cha siku ya pili.

Scarlet na Violet ya Novemba 2022 ina nchi pana kama Hispania, na mtoto huenda upande wowote apendao. Wapo waliouanza huo wakafurahi. Walakini kwenye mashine ya Switch ya kwanza picha zake hukwama kwama, na mtoto mdogo asiye na mtu wa kumwelekeza hupotea katika upana ule. Mpeni baadaye.

Kuna pia Pokémon GO ya simu, iliyotoka mwaka 2016. Huo hauna bei ya kuanzia, na ndiyo maana wengi huanza nao. Lakini unataka intaneti kila hatua, vituo vyake vimejaa mijini kuliko vijijini, na ndani yake kuna duka linaloomba fedha kidogo kidogo. Kitu cha bure chenye duka ndani yake si cha bure. Mchezo wa kadi ulionunuliwa mara moja umelipiwa, na mzazi anajua alichotoa.

Sheria za nyumbani

Sasa mashine imefika, Noeli imepita. Mtafanyaje?

Mtaguso Mkuu wa Pili wa Vatikano, katika hati yake ya tarehe 4 Desemba 1963 juu ya vyombo vya mawasiliano, ulikumbusha kwamba wazazi wana wajibu mzito wa kuangalia kinachoingia nyumbani mwao, na kwamba vijana nao wajizoeze kiasi na kujitawala. Wakati ule walifikiri magazeti, sinema, redio na televisheni. Neno lao halijazeeka.

Tena tunaye mfano wa mtoto mwenzao. Mtakatifu Carlo Acutis, aliyezaliwa London mwaka 1991, akakulia Italia, na kufa huko Monza mwaka 2006 akiwa na miaka 15, alitangazwa mtakatifu na Papa Leo XIV tarehe 7 Septemba 2025. Kijana huyu alipenda michezo ya mashine kama wenzake wa rika lake. Walioeleza maisha yake wanasema alijiwekea saa moja kwa juma, basi. Hakutaka kutawaliwa na mashine. Waambieni watoto wenu habari hii kabla ya kufungua sanduku. Si lazima ninyi mfuate saa moja, lakini fuateni kiasi.

Mimi ningeweka saa moja siku ya Ijumaa, moja Jumamosi na moja Jumapili baada ya Misa na chakula. Safari ya Let's Go huchukua masaa ishirini na zaidi. Kwa masaa matatu kila juma, zawadi ya Noeli itafika mpaka Kwaresima. Haraka ya nini?

Mtoto atakuambia, "Mama, ngoja, nikiacha sasa nitapoteza yote." Usidanganyike. Katika michezo hii mchezaji aweza kuhifadhi safari karibu mahali popote, isipokuwa katikati ya pigano, na pigano halichukui muda mrefu. Mpe dakika tano, kisha mashine izimwe. Mashine yenyewe pia ina mahali pa wazazi pa kuweka namba ya siri. Mjomba aiweke mwenyewe kabla hajaondoka, akupe wewe, mama, wala si mtoto mkubwa.

Jambo la afya ni hili. Tarehe 16 Desemba 1997 huko Japani, kipindi kimoja cha televisheni cha Pokémon kilionyesha mwanga mwekundu na wa buluu ukimulika upesi upesi, na watoto zaidi ya 600 wakapelekwa hospitali, wengine wakiwa na degedege. Kilikuwa kipindi cha televisheni, hakikuwa mchezo huu, na baada ya hapo watengenezaji wa vipindi walijiwekea masharti. Lakini tupate fundisho: watoto wasicheze gizani, wakae mbali kidogo na kioo, na mtoto mwenye kifafa asianze kabla mganga wa zahanati hajasema neno.

Barua kwa mjomba

Mama, mwandikie kaka yako ujumbe mfupi. Mwambie: "Tuletee Switch ya kawaida, isiwe Lite, yenye vishikio viwili. Mchezo uwe Let's Go mmoja, wa kadi. Waandikishe watoto wote watatu, kila mmoja kwa jina lake, tangu siku ya kwanza. Namba ya siri nipe mimi." Fedha ikibaki, asinunue mchezo wa pili. Anunue kamusi ya Kiingereza na Kiswahili, ikae kando ya mashine, maana mtoto atakutana na maneno asiyoyajua, na siku hiyo ndiyo kamusi itafunguliwa kwa hiari yake.

Na wewe, baba, usikae mbali ukinung'unika. Siku ya kwanza kaa nao nusu saa. Muulize mdogo kabisa amemkamata nani, na kwa nini maji yanashinda moto. Halafu mvua ya kwanza ikinyesha na kumbikumbi wakaruka, zima mashine, uwatoe nje wote watatu, uwafundishe kuwakamata wale wa kweli. Mtoto anayejua vyote viwili hakuna alichonyimwa.

Mungu azibariki nyumba zenu, na Familia Takatifu iwaombee.